Boksi Lililowaka Kijani

Habari hii hakuna mtu Rungwe nzima anayeweza kuisimulia vizuri kama bibi wa Kyimo anayeiandika hapa. Waliokuwapo wenyewe wamekataa kuisimulia, ndiyo maana mashindano yamekuwa mepesi. Na mashine yenyewe bibi aliichungulia mara moja tu dirishani, akadhani ni ya kuokea mikate.

Haikuwa ya mikate. Ilikaa juu ya meza ya chuma katika stoo ya dawa ya hospitali moja pembeni mwa mji wa Tukuyu, nyeupe, ina mlango mbele na skrini juu, na mtunza stoo alikuwa Mzee Lukasi wa Suma. Kila kichupa cha dawa kilibandikwa stika yenye waya mwembamba kama unywele. Boksi la dharura la leba, lile linalomngoja mama atakayemwaga damu nyingi baada ya kujifungua, likirudi kutoka wodini Lukasi alilisukuma ndani likiwa limefungwa hivyo hivyo, akabana mlango, mashine ikasoma stika zote kwa pamoja. Kitu kikikosekana, taa nyekundu. Vyote vikiwepo, taa ya kijani, na boksi linarudi leba. Kazi iliyokuwa inamkodolesha macho asubuhi nzima sasa ilikwisha kabla chai yake haijapoa.

Alisema "skana yangu" kama wazee wengine wanavyosema "ng'ombe wangu". Aliipangusa kwa kitambaa ambacho mkewe alikuwa akikitafuta nyumbani. Wauguzi walisema mama wa watu akitaka kutazamwa na mumewe ajibandike stika.

Ila kulikuwa na jambo ambalo waliotengeneza mashine hawakuambiwa, na hata wangeambiwa wasingejua waliweke wapi. Mkunga wa leba aliitwa Tulia, na Tulia alikuwa mke wa Hezron, na Hezron ni mtoto wa Lukasi wa kumzaa. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakai uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Wanakula naye meza moja na kumwomba vocha. Lukasi hakuacha, na Tulia aliyelelewa na bibi yake kule Lufingo hakuacha pia, kwa hiyo hospitali nzima ilijua kwamba mtunza stoo na mkunga hawajawahi kuambiana hata habari za asubuhi.

Wauguzi wengine wakirudisha boksi waliegemea dirisha la stoo wakasema, "Mzee, tumetumia viwili," naye akajaza. Tulia hakuweza. Alikuwa akiliweka boksi kwenye kizingiti cha dirisha, anagonga ubao, anaondoka na kitenge kimeshuka hadi machoni. Lukasi naye anangoja hadi viatu visisikike ndipo anatoa mkono. Na ili baba mkwe ajue kilichotumika bila kuambiwa, Tulia alivifunga vile vichupa vitupu ndani ya kipande cha gozi, kitambaa kile chepesi cheupe cha kufungia vidonda, akavirudisha ndani ya boksi na stika zake. Lukasi anafungua, anaona kifurushi, anatoa vitupu, anaweka vipya kutoka kwenye friji, ndipo anasukuma boksi mashineni. Hakuna aliyewafundisha. Ilikuwa heshima, na kwa muda mrefu ilifanya kazi vizuri kuliko maneno.

Tatizo moja tu, na Lukasi alilijua tangu mwanzo. Mashine ilisoma stika. Kichupa kilichojaa na kichupa kikavu, kwake vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Alhamisi ile kulikuwa na msiba Lufingo. Amefariki Abrahamu, aliyekua pamoja na Lukasi, wakachunga pamoja na kuoa mwaka mmoja. Lukasi alipewa nafasi ya kusema neno la marafiki kaburini, na alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya mabeseni ya stoo kwa siku mbili. Mazishi yangekuwa kesho yake, lakini mtu wa heshima analala msibani. Gari lilikuwa getini likipiga honi, mvua inaanza, na ndani ya gari wazee walishajibana wakimwachia nafasi ya mbele.

Ndipo ubao wa dirisha ukagongwa.

Alingoja viatu vipotee. Akatoa mkono, akalivuta boksi. Honi ikalia tena.

"Lukasi," mmoja akaita kutoka getini, "tukuache? Marehemu hawezi kungoja, ameshaanza kukasirika."

Alishika kifuniko cha boksi. Hilo litakumbukwa upande wake, kwamba alikishika. Kisha akalitazama lile boksi, akaitazama mashine, akalisukuma ndani bila kufungua, akabana mlango. Taa ikawaka kijani. Nyasi ya mvua za kwanza haina kijani kile. Akajiambia kwamba labda Tulia hakutumia kitu, labda amerudisha tu kwa ukaguzi, na mashine ikisema kijani yeye ni nani. Akampa mfagizi boksi alipeleke leba, akafunga stoo, akatia ufunguo mfuko wa koti la msibani, akakimbilia gari akiwa amejifunika gazeti.

Kulipokucha Ijumaa, Shamsia binti Fikirini aliletwa leba na mama yake. Fikirini ni fundi cherehani wa pale sokoni, watu wa asili ya pwani, babu yao alipanda huku na mzigo wa chumvi akapenda ndizi akabaki. Shamsia alikuwa na mimba ya kwanza. Tulia alikuwa amekesha zamu peke yake kwa kuwa mwenzake anaumwa, akamkabidhi wodi Winfrida, muuguzi wa zamu ya mchana, akaenda zake kulala. Mchana mtoto alitoka akilia, wa kike, mwenye nywele nyingi. Watu wakacheka kidogo. Halafu damu ikaanza, na haikuwa damu ya kuchekea.

Winfrida akalivuta boksi ukutani, akalifungua, akakuta kifurushi. Akakifungua. Vichupa vitupu. Akapekua boksi lote kama anayetafuta sindano kwenye majani ya chai. Friji ya wodini ilikuwa imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo dawa ile ya kuzuia damu ilikuwa mahali pawili tu, ndani ya boksi na ndani ya stoo. Alikimbia stoo. Imefungwa. Akapiga simu.

Simu ya Lukasi ilikuwa imezimwa. Alikuwa amesimama kando ya kaburi la Abrahamu, na mtu hasemi neno la marafiki huku mfuko unaimba. Alisema vizuri, hilo pia lisemwe. Alisema marehemu alikuwa mtu ambaye ukimpa kazi unaweza kwenda kulala. Wanawake walilia. Ufunguo wa stoo ulikuwa unamgusa paja.

Mlango wa stoo ulivunjwa kwa nondo na mlinzi na watu wawili waliokuwa wanangoja dawa za malaria. Dawa ilipofika leba, Winfrida alikuwa bado anasukuma tumbo la Shamsia kwa mikono miwili, anasukuma tu, na mama yake Shamsia ndiye aliyemwambia, kwa upole, kwamba anaweza kuacha sasa.

*

Lukasi alirudi jioni, akaukuta mlango wake umelala chini. Metroni Felista alikuwa anamngoja hapo, mwanamke mfupi mwenye miwani, mtoto wa mchungaji, ambaye sauti yake haijawahi kupanda hata akikanyagwa.

"Boksi la leba lilikuwa na vichupa vitupu, Mzee Lukasi," akasema. "Binti wa Fikirini amefariki."

Lukasi hakufikiri. Maneno yalitoka yenyewe, kama kikohozi. "Mimi nililifungua. Nikatoa vitupu nikaweka vipya. Lilitoka hapa likiwa limejaa."

"Una hakika?"

"Kwani mimi ni mtoto?"

Metroni alimtazama kidogo, akasema boksi amelifungia kabatini kwake kama lilivyokutwa, na kwamba Jumatatu watakaa wote. Akaondoka. Lukasi alibaki amesimama mlangoni pasipo na mlango, na ndipo akili ilipomfikia, imechelewa, inahema. Kama boksi lilitoka stoo limejaa, basi kuna mtu aliyevitoa vichupa wodini. Na kuanzia jioni ya Alhamisi hadi asubuhi, wodini kulikuwa na mkunga mmoja tu.

Hakumtaja. Jina lake hakuwa na desturi ya kulitaja. Uongo ulimwelekea wenyewe.

Kufikia Jumapili, watu waliotoka kanisani walishajua zaidi ya waliokuwapo. Ilisemekana Tulia ameuza dawa kwenye duka la njia ya Mbeya. Ilisemekana ana kiwanja. Wakati huo wote Tulia alikuwa ameketi jikoni kwake amevaa kitenge kile kile, na polisi walishapita mara moja kuuliza anapoishi. Kama ingethibitika, leseni inakwenda, na nyuma ya leseni kuna mahabusu, na ana mtoto anayenyonya.

Baada ya chakula cha mchana Hezron akaja kwa baba yake. Hezron ni dereva wa lori la chai, mkubwa wa mwili, mtu anayeingia mlangoni kwa ubavu. Akamkuta Lukasi nyuma ya nyumba anapunguza machipukizi ya migomba, ambayo yalikuwa yameshapunguzwa juzi.

"Tata," akasema, "ugonile."

"Ndaga. Kaa."

Hezron hakukaa. "Nimetumwa. Anasema hivi. Kama ulisahau kufungua boksi, useme tu umesahau. Na yeye atasema alikosea kuacha stika kwenye vitupu, maana utaratibu ni kuzibandua na kuzitupa. Anasema kosa ni la nyinyi wawili, mgawane. Hospitali itawapa onyo nyinyi wote, lakini hakuna atakayefungwa."

Lukasi alikata chipukizi ambalo halikuwa na kosa lolote. "Mwambie nilifungua."

"Tata."

"Nilifungua."

"Ulikuwa unakimbilia gari. Wazee wote waliokuwa ndani ya gari wanasema ulikuja ukikimbia na gazeti kichwani."

"Kukimbia ni baada ya kufungua. Mtu akishamaliza kazi hawezi kukimbia?"

Hezron alitazama mgomba. "Ana mtoto wa miezi minne, tata. Ni mjukuu wako. Amepewa jina lako."

Hilo lilimchoma Lukasi kweli kweli, lisidhaniwe vinginevyo. Lilimchoma akaliona panga mkononi kama la mtu mwingine. Lakini alikwisha kumwambia metroni, akamwambia mlinzi, akamwambia mkewe, na mkewe amewaambia kina mama wa kwaya. Angetoka vipi? Mtu wa umri wake, aliyesema neno la marafiki, aende akaseme mbele ya Fikirini kwamba alikuwa na haraka? Tena palikuwa na kitu kingine chini kabisa, ambacho hakukitazama sana. Tulia hawezi kunijibu, alijua. Hata tukiwekwa chumba kimoja hawezi kuninyooshea uso akasema, wewe mzee, huo ni uongo. Bibi yake wa Lufingo angefufuka.

"Mwambie aseme ukweli wake, na mimi nitasema wangu," akasema.

"Haya," Hezron akajibu. "Tutaona kama kweli hizo mbili ni ndugu." Akatoka bila kuaga.

*

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya Tukuyu isiyo na haraka na isiyo na mpango wa kuacha. Ofisi ya metroni ina bati bila dari, kwa hiyo watu walilazimika kusogeza viti karibu. Metroni alikaa nyuma ya meza, na boksi mbele yake limefunikwa taulo. Fikirini alikaa karibu na mlango, kofia yake mkononi, mikono ya fundi inayozunguka ukingo wa kofia ikitafuta mshono uliofumuka. Lukasi alipewa kiti cha katikati. Tulia aliingia mwisho. Aligeuza kiti chake kikaelekea dirishani, akakaa akimpa baba mkwe mgongo, kitenge kimefunika kichwa na nusu ya uso, na Winfrida akakaa katikati yao awe anapokea maneno upande huu na kuyafikisha upande ule. Metroni hakukataza. Naye ni Mnyakyusa.

"Mimi sikuja kumfunga mtu," Fikirini akaanza kabla hajaulizwa. "Tumezika. Nataka nijue tu, yule aliyeweka vitupu mle, aliviweka vipi. Nikienda nyumbani mama yake ataniuliza, na mimi sina cha kumwambia."

"Utajua, baba," metroni akasema. "Mzee Lukasi."

Lukasi akaeleza. Alikuwa ameshazoea kuyasema, yakateleza. Boksi likaja dirishani, akalipokea, akalifungua, akakuta vitupu viwili, akavitoa, akaweka vipya kutoka kwenye friji, akalipitisha kwenye skana, kijani. "Mambo mengine yaliyotokea wodini," akasema, "mimi siko wodini."

Fikirini aliutazama mgongo wa Tulia. Kila mtu aliutazama. Mgongo ule haukutikisika.

"Tulia, una la kusema?" metroni akauliza.

Tulia alimwambia Winfrida kitu kwa sauti ya chini, dirisha likaingia ukungu mbele ya mdomo wake. Winfrida akamgeukia Lukasi. "Anaomba radhi kwa kuuliza. Anasema, vile vitupu alivyovikuta mzee, alivikuta vikoje?"

"Vikoje vipi?"

Winfrida akainama, akasikiliza, akainuka. "Vilikuwa vimelala tu ndani ya boksi, au vimefungwa?"

Lukasi karibu acheke kwa wepesi wake. Swali lile alikuwa na jibu lake kwa miaka mingi. "Vimefungwa, bila shaka. Anavifunga siku zote, wote mnajua. Vilikuwa ndani ya gozi." Akaona wanamsikiliza, akaona Fikirini ameacha kuzungusha kofia, akaongeza, maana mtu akisikilizwa huwa anaongeza. "Gozi nyeupe, safi, imekunjwa mara mbili, fundo dogo juu. Fundo lenyewe lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Nikaitupa gozi kwenye ndoo ya taka, nikatupa na vitupu. Naikumbuka kama naiona."

Mvua ikaendelea peke yake.

Winfrida hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anatazama viatu vyake. Metroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona mmenyamaza?" Fikirini akauliza.

"Mzee Lukasi," metroni akasema, "wodi ya wazazi ilipata gozi mara ya mwisho lini?"

Lukasi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa la stoo yake mwenyewe, kwa hiyo lilikuja haraka, na lilipofika kwenye ulimi akalizuia. Gari la mzigo lilikuwa halijapanda wiki mbili. Hapakuwa na gozi hospitali nzima. Winfrida alikuwa amekuja dirishani Jumatano kuomba hata kipande, naye akamjibu, mbele ya watu, waende wakafungie wagonjwa majani ya mgomba, na watu wakacheka, na yeye akacheka zaidi.

"Labda," akasema, "labda ilikuwa iliyobaki. Kipande cha zamani. Wauguzi wanaficha ficha vitu."

Metroni aliondoa taulo, akafungua boksi. Ndani, pale pale Winfrida alipokiacha, kulikuwa na kifurushi kilichofumuliwa, vichupa viwili vitupu na stika zake, vimelala juu ya kipande cha kitenge cha manjano kilichochanwa kwa mkono. Kila mtu chumbani aliweza kuona pindo la kitenge alichojifunika Tulia, na mahali kilipopungua.

"Hivi ndivyo ulivyovitupa kwenye ndoo?" metroni akauliza.

Kiti kilikwaruza sakafu. Tulia alikuwa amekigeuza. Alikishusha kitenge hadi mabegani, akamtazama baba mkwe wake usoni, na Lukasi, ambaye tangu siku ya ndoa hakuwahi kuuona uso ule isipokuwa kwa pembe ya jicho, aliona kwamba una macho mekundu na mwanya mbele, na kwamba hautaelekea pengine.

"Gozi gani, tata?" akamuuliza.

Lukasi alimgeukia Winfrida, ili amfikishie jibu. Winfrida hakuinua kichwa.